Mdogo wangu anataka kuivalisha Hilux matairi ya trekta

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Ubaruku, wilaya ya Mbarali. Nina Hilux ya zamani ya dizeli, singo kebini, foo-wili, inayovaa matairi ya 205R16C. Gari hilo ndilo linaloendesha maisha yetu. Linapeleka mbolea shambani, linabeba chakula cha vibarua wakati wa kupandikiza, linafikisha mpunga mashineni Igurusi, na Jumapili linatupeleka kanisani Rujewa mimi, mama watoto na watoto wetu wawili.

Tatizo ni masika. Njia ya kutoka barabara ya changarawe mpaka shambani ni ule udongo mweusi wa bonde la Usangu. Kiangazi unapasuka nyufa, mvua zikishika unanata balaa. Nikiingia hatua chache tu, tope limeshajaa kwenye kashata, yale meno ya tairi, na huwezi kujua tena kama tairi ni jipya au kipara. Nakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanazunguka, ya mbele yametulia tu, na gari linazidi kushuka mpaka linakalia tumbo. Msimu uliopita mbolea ya kukuzia ililowa juu ya gari huku nikisubiri mtu wa kunivuta. Na mwenye trekta akishakukuta umezama, bei anapanga yeye.

Sasa nina mdogo wangu, fundi wa kuchomelea. Nyumbani kuna Massey Ferguson la baba, lile la kizamani ambalo matairi ya mbele ni 7.50-16. Mdogo wangu akasema, kama rimu ya trekta ni 16 na ya gari ni 16, tunahangaikia nini? Kulikuwa na tairi moja la spea, tukalivalisha kwenye rimu ya Hilux, likaingia na kujaa upepo bila shida. Tungeishia hapo ingekuwa nafuu. Ila baadaye akaoneshwa kwenye simu video za Wamarekani, pikapu limevaa matairi makubwa ya nyuma ya trekta, linapita kwenye dimbwi la tope linalofika kwenye kioo. Tangu siku hiyo haambiliki. Ameshanunua mawili ya mtumba, 12.4-28, na rimu zake. Anataka kukata bodi kwa nyuma, anyanyue bodi na achomelee adapta, kwa sababu Hilux ina stadi (bolti za kufungia gurudumu) 6 na rimu za trekta zina matundu 8. Anasema nyuma tu inatosha, kwa kuwa nyuma ndiko kunakosukuma. Tukifika lami tutaenda pole pole, mshale usizidi 60, mpaka Igurusi na kurudi.

Mke wangu amesema maneno machache. Siku hayo matairi yakifungwa, yeye na watoto watapanda bodaboda kwenda kanisani. Mdogo wangu anamwita mwoga mbele ya watu, na sasa chakula cha jioni kinaliwa kimya kimya. Baba naye hataki matairi ya trekta lake yaguswe.

Naomba uniambie: hayo matairi yanaweza kutembea kwenye lami? Yale ya mbele yana ubaya gani kama yanaingia kwenye rimu? Trafiki watasemaje? Na kama jibu ni hapana, tope nilifanyeje, maana mvua za Novemba zinakaribia.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Usiyafunge, si ya mbele wala ya nyuma, madamu gari hilo litakanyaga lami. Na mdogo wako amuombe radhi shemeji yake. Mkeo hakuwa na hesabu mkononi, lakini hesabu ziko upande wake, na nitakuwekea hapa ili umsomee huyo fundi wetu.

Nianze na hilo 7.50-16, kwa sababu tairi linaloingia kwenye rimu linanitisha kuliko lisiloingia. Lisiloingia litamchosha fundi hadi aache. Linaloingia linafungwa jioni na kesho yake liko barabarani na watu juu.

Chukua tochi, kaa chini, soma ubavu wa tairi la trekta. Mbali na hiyo 7.50-16 utakuta kipimo cha uimara wa nyuzi zake, 6PR au 8PR, na mahali fulani herufi A ikifuatwa na namba ndogo. Hiyo ndiyo kasi. A6 maana yake tairi limepimwa kwa kilometa 30 kwa saa. A8 ni kilometa 40. Sasa hamia kwenye tairi la Hilux, baada ya 205R16C tafuta herufi ya mwisho. Ukikuta Q ni kilometa 160, R ni 170, S ni 180. Kwa hiyo mdogo wako anaposema "pole pole, 60", huo ni mwendo wa pole kwa gari. Kwa tairi lake la A6 ni mara mbili ya mwendo lililotengenezewa. Na mzigo ulioandikwa ubavuni unakwenda pamoja na kasi hiyo. Huwezi kuchukua kilo zake ukaiacha spidi.

Kinachoua tairi namna hiyo ni joto. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa chini inabonyea na kunyooka tena. Kunja waya wa fensi huku na huku haraka haraka uone unavyochemka pale unapokunjika. Tairi nalo ni hivyo hivyo. La trekta lina mpira mnene, mengi yana nyuzi zilizopishana kwa mshazari kwa mtindo wa zamani, na linatembea kwa upepo mdogo. Yote hayo hayana shida shambani, maana trekta linatembea kidogo kidogo na joto linapata muda wa kutoka. Kwenye lami ya mchana kati ya Rujewa na Igurusi, na gunia za mpunga mgongoni, joto halitoki. Linajikusanya ndani, mpira unaachana na nyuzi, na hutajua lolote hadi kipande cha juu kibanduke. Hapo nyuma yako kuna lori la Tunduma.

Halafu kuna jambo ambalo mdogo wako hakulitazama kabisa. Tazama sura ya tairi hilo la mbele. Halina kashata za kukata tope. Lina mistari mitatu hivi iliyonyanyuka, inayolizunguka tairi zima kama pete. Kwenye Massey la baba yako tairi la mbele halisukumi kitu, linaongoza tu. Ile mistari inazama udongoni ili dereva akikata usukani, trekta lisiteleze pembeni. Ukilipeleka nyuma ya Hilux na kulitaka lisukume, halina cha kushikia. Litazunguka bure kwenye tope, pengine zaidi kuliko hayo uliyonayo sasa. Yaani mngekuwa mmenunua hatari ya lami bila hata kupata faida ya shambani.

Kwa haki ya hoja, yapo matairi ya trekta ya rimu 16 yenye kashata za kweli. Yanavaliwa mbele na vile vitrekta vidogo vinavyosukuma magurudumu yote manne. Hayo yangeingia na tope yangelishika. Bado herufi ubavuni ni zile zile za A, kwa hiyo jibu langu halibadiliki. Nayataja kwa sababu najua kuna muuzaji atakuja kuyataja.

Sasa hayo 12.4-28. Hapa naomba mdogo wako achukue kalamu.

Tairi la 205R16C lina kimo cha milimita 742 hivi kutoka chini hadi juu. La 12.4-28 linafika kama milimita 1260. Gawanya, unapata 1.7. Hiyo 1.7 inaharibu kila kitu kwenye gari.

Mshale wa spidi hauangalii barabara, unahesabu mizunguko inayotoka kwenye gia boksi. Tairi likiwa kubwa mara 1.7, kila mzunguko unakupeleka mbali mara 1.7. Mshale ukisoma 60, gari liko kwenye 102. Soma tena. Huo mwendo wa pole aliouahidi fundi wetu ni kilometa 102 kwa saa, kwenye tairi la kilometa 30 au 40, juu ya adapta ya kuchomelea, kwenye barabara ya Tanzam.

Breki za nyuma ni zile zile, ngoma ni ile ile, lakini tairi limekuwa mkono mrefu zaidi dhidi yake. Nguvu inayofika ardhini inashuka hadi kama asilimia 59 ya ile ya awali. Na hapo sijasema kwamba lami inagusana na vichwa vya kashata tu, siyo tairi zima. Ikinyesha, eneo hilo dogo ndilo linalotegemewa kusimamisha gari na mpunga.

Kwenye tope nako, ambako ndiko mlikokuwa mnakimbilia, hesabu inawageuka. Gari likivaa tairi kubwa hivyo, gia ya kwanza inakuwa na nguvu kama ya pili. Jaribu siku moja kuondoa Hilux yenye mzigo kwenye tope kwa gia ya pili, uone utakavyonusa klachi. Na gari lenyewe litakuwa limeinuka nyuma sentimita 26 hivi, pua chini, taa zinamulika vidole vyako.

Kubwa zaidi, utakuwa umepoteza foo-wili. Hilux ya aina yako ukishavuta mkono wa foo-wili, mbele na nyuma vinafungwa vizunguke sawasawa, hakuna difu (gia ya kugawanya mzunguko) ya katikati ya kuvipatanisha. Lazima matairi yote manne yalingane. Ukiweka 1260 nyuma na 742 mbele kisha ukavuta mkono ule, kitu kitavunjika, na kwa kawaida ni kile cha bei mbaya. Utaniambia mbona matrekta ya foo-wili yana matairi madogo mbele na makubwa nyuma? Ni kweli, lakini meno ya gia zake yalipigiwa hesabu hiyo tangu kiwandani.

Adapta sina la kusema kirefu. Bamba la kutoka stadi 6 kwenda 8, limechomelewa uani, likabebeshwa tani moja ya mzigo na kutikiswa na kashata kwenye lami kila siku. Mdogo wako ni fundi wa kuchomelea, anajua mwenyewe ufa unaanzia wapi.

Nije kwenye zile video, maana vijana wengi wananiandikia kuhusu hizo. Magari ni ya kweli, hayajatengenezwa kwa kompyuta. Wamarekani wana mchezo huo tangu zamani. Bob Chandler wa Missouri aliitengeneza Ford yake akaiita Bigfoot, na mwaka 1981 akaponda nayo magari chakavu shambani, mchezo ukashika nchi nzima. Baadaye magari ya namna hiyo yakasimamia matairi ya inchi 66, yaliyotengenezwa awali kwa mashine za kumwaga mbolea mashambani. Lakini chini yake hakuna ekseli ya pikapu. Waliweka ekseli za malori ya jeshi na stelingi ya haidroliki, na matairi yenyewe mengine wanayachonga kuyapunguza uzito. Hata hawa wa madimbwi ya tope wenye matairi ya trekta, gari linafika uwanjani likiwa juu ya tela na linarudi nyumbani juu ya tela. Kipande hicho hakirekodiwi, kwa kuwa nani atatazama?

Na trekta lenyewe halitoki kwenye tope kwa sababu ya tairi peke yake. Lina uzito ulioegemea nyuma, lina gia nzito za kutambaa, lina pedali ya kufunga difu ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, na wengine wanajaza maji ndani ya matairi kuongeza uzito. Pamoja na yote hayo, wewe wa Mbarali umeona mwenyewe kwenye majaruba yaliyojaa maji wanavyolifunga magurudumu ya chuma, kwa kuwa hata tairi lake halitoshi.

Kuhusu trafiki sitakaa sana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitaki gari bovu au la hatari barabarani, na askari hahitaji kipimo kuona tairi la trekta limetoka nje ya bodi ya Hilux. Atakulaza kituoni. La bima ndilo zito zaidi. Ukigonga mtu na gari ulilolibadilisha ekseli na matairi kinyume na lilivyosajiliwa, unaipa kampuni ya bima sababu ya kukukimbia. Mpunga wote wa msimu hauwezi kulipa mguu wa mtu.

Sasa tope lako. Katika barua yako kuna sentensi moja umeipitisha haraka, nami imenikaa kichwani kuliko habari zote za matairi. Umesema ukikanyaga mafuta "ya nyuma yanazunguka, ya mbele yametulia tu." Na mdogo wako anasema nyuma ndiko kunakosukuma.

Mwanangu, Hilux ya foo-wili iliyozama haitakiwi kuwa hivyo. Ukiwa umevuta foo-wili, mbele angalau tairi moja lizunguke. Kama yametulia yote mawili, wewe umekuwa ukilima tope na gari la kusukuma nyuma tu, huku ukilipia mafuta ya kubeba difu ya mbele isiyofanya kazi.

Nenda sasa hivi ukatazame katikati ya magurudumu ya mbele. Kwenye Hilux nyingi za umri huo kuna kifuniko chenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Mafundi wanaziita frihabu. Zikiwa kwenye FREE, unaweza kuvuta mkono wa ndani mpaka uchoke, nguvu inafika kwenye ekseli na kuishia hapo, tairi haliipati. Ni lazima ushuke kabla ya kuingia matopeni uzungushe zote mbili ziende LOCK. Gari lililonunuliwa mkononi mara nyingi huja na frihabu zilizoganda kwa kutu, au mwenye gari wa kwanza alivunja moja akaliacha hivyo hivyo kwa kuwa alikuwa anaishi mjini.

Kupima ni rahisi. Gari likiwa sehemu ya tambarare, zima injini, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki. Frihabu zote LOCK, mkono kwenye foo-wili, gia ya kwanza. Nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki, jaribu kulizungusha kwa mkono. Likigoma, mnyororo mzima umeshikana. Likizunguka kirahisi, kuna mahali pameachia, ama frihabu ya upande huo, ama ya upande wa pili, ama ekseli ya ndani, ama mkono wenyewe hauingizi. Rudia na upande mwingine. Ukiwa umelala pale usiingize kichwa wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Nina imani kubwa kwamba shida yako nusu yake itaishia hapo, na kuosha frihabu na kuipaka grisi ni kazi ya asubuhi moja. Ila ukishafika changarawe ngumu urudishe, na usivute foo-wili kwenye lami kavu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze matairi. Yapo matairi ya matope yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikapu na barabara. Kashata zake ni kubwa, nafasi kati yake ni pana ili tope lidondoke linapozunguka. Tafuta ya 205R16C kama uliyonayo, au 225/75R16 yenye LT au C ubavuni (alama za tairi la gari la mzigo), ambayo kimo chake ni milimita 744, karibu sawa kabisa na lako. Yawe manne yanayofanana. Muuzaji akikupa 7.50R16 ya pikapu kwa kuwa "ni nguvu zaidi", hilo ni tairi la Land Cruiser, si baya, lakini ni kubwa kuliko lako kwa zaidi ya asilimia 8 na litakwaruza ukikata kona. Sitakuficha kasoro za matairi ya matope. Yanapiga kelele lami, yanaisha haraka, na kwenye lami yenye maji yanasimama taratibu kuliko ya kawaida, kwa hiyo acha nafasi na gari la mbele. Na fundi wa pembeni akikuambia atachonga kashata upya kwenye kipara kwa chuma cha moto, mwache na chuma chake. Anachokata ni mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi.

Upepo nao ni dawa ambayo wakulima wengi hawaitumii. Kabla ya kuingia kwenye udongo mweusi bila mzigo mkubwa, punguza mpaka psi 18 au 20. Tairi linatanuka, linakanyaga eneo kubwa zaidi. Tembea taratibu, usikate usukani kwa nguvu. Ukiwa umepakia tani, usishuke kiasi hicho. Ukitoka, jaza upya kabla ya lami kwa kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha. Usitegemee kuwa utajazia Rujewa, hiyo ni safari ya tairi laini lenye joto, ugonjwa ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Minyororo ya matairi ya nyuma pia inasaidia pale pabaya kabisa, nayo unaivua kabla ya kufika changarawe.

Hata hivyo kuna siku udongo wa Usangu hautakubali gari lolote la matairi ya barabarani, na mtu aliyekulia hapo anaijua siku hiyo asubuhi akitoka nje. Siku hiyo Hilux ibaki kwenye changarawe. Baba amekataza matairi ya trekta lake yasiguswe, hajakataza trekta lifanye kazi. Mwendee kwa adabu, siyo kwa kumwambia tu bali na dumu la dizeli mkononi, mpange kwamba mbolea inashushwa kwenye changarawe na Massey linaimalizia na tela, na mpunga unarudi vivyo hivyo. Trekta libaki kwenye tope, pikapu libaki barabarani. Dizeli utakayoweka ni ndogo kuliko bei ya yule mtu anayekukuta umezama.

Na hapo mdogo wako anapata kazi ya maana. Kama hamna tela, au lipo limeoza sakafu, kuchomelea ndiyo fani yake. Akutengenezee pia ndoano za kuvutia zilizofungwa kwenye chesisi yenyewe, mbele na nyuma, siyo kwenye bampa. Watu wameumia kwa bampa lililong'oka na kamba. Mpe kazi hiyo mbele ya mkeo, halafu zungumza naye pembeni kuhusu lile neno la mwoga. Wewe ndiye kaka, usimwachie mama watoto akajitetee mwenyewe mezani. Ukitaka, mwambie mkeo kwamba mshale ungesoma 60 na gari lingekuwa 102. Nadhani hatahitaji maelezo mengine.

Yamebaki yale 12.4-28 mawili. Ayauze sasa, mvua hazijaanza, wakati wenye matrekta bado wanahangaika kujiandaa na msimu na tairi la mtumba lenye kashata nzima lina bei. Akisubiri Januari, wote watakuwa wameshafunga.

Fundi mshauri